Stesheni ya chini ya ardhi Mwanza: ikijengwa, iingie kilimani, isishuke kando ya ziwa

#1 Mleta uzi

Mwangaluka wana Mwanza, na wadau wengine wote habari zenu.

Niseme mapema nisieleweke vibaya: huu si uzi wa tetesi. Sina mchoro wa mradi wowote na hakuna aliyeninong'oneza kitu. Nimefanya kazi ya kutoboa mwamba chini ya ardhi kwenye migodi ya dhahabu huku Kanda ya Ziwa kwa miaka 11. Sasa naishi Mabatini, na kila asubuhi nikiwa nimebanwa kwenye daladala Barabara ya Nyerere huwa nawaza jambo hilohilo. Siku mji huu utakapoamua kuwa na treni yake ya mjini, stesheni ya katikati itakaa wapi?

Reli ilipofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, Mwanza ulikuwa mji mdogo wa bandari. Sensa ya 2022 imekuta watu zaidi ya milioni 1 ukijumlisha Nyamagana na Ilemela. SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, ujenzi wake ulizinduliwa 2021. Abiria wakianza kushuka kwa mamia na mabegi yao, wataingia kwenye barabara zilezile tatu: Nyerere inayotoka Igoma, Kenyatta inayotoka Nyegezi, Makongoro inayotoka uwanja wa ndege. Zote zinakutana mjini kati na hakuna pa kuzipanulia. Upande huu ziwa, upande ule mawe, na juu ya mawe nyumba za watu. Kwa hiyo zamu ya treni ya mjini ikifika, kupita chini ya ardhi kutatajwa tu.

Ninachoogopa ni namna kutakavyotajwa. Mtu atafungua ramani, ataona pale chini karibu na ziwa pametulia, tambarare, bandari ipo, stesheni ya zamani ipo, ataweka alama yake. Na pale ndipo pagumu kuliko pote.

Nieleze kwa shimo la choo. Mwaka 2017 nilichimba choo kwenye kiwanja changu. Vijana wawili, sururu, nyundo na ndoo. Kona ya kwanza hawakumaliza hata mita moja, sururu ikagonga jiwe ikaruka. Kona ya pili, hatua nne kutoka pale, wakashuka mita tatu nzima bila kugusa jiwe. Nikashuka mwenyewe kutazama. Ukuta wa shimo ulikuwa na sura ya jiwe kabisa, unaona hadi mistari ya nyufa zake na chembe za ulanga zinazong'aa, lakini nikiubonyeza kidole kinazama. Nikatoa kipande nikakibana kiganjani, kikapukutika chote kikawa changarawe. Chini kabisa, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye ufa ulioko kati ya kile kilichooza na jiwe zima.

Ule haukuwa udongo ulioletwa na mvua. Ni jiwe lenyewe limeoza palepale liliposimama. Matale yetu, yaani haya mawe ya graniti, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa zake na kuanza kuyala kutoka kwenye kona, pole pole, na sehemu ya madini yake inageuka udongo. Katikati ya kila pande hubaki kiini kigumu cha mviringo. Baadaye mvua ikisomba kile kilichooza, viini hubaki vimebebana. Jiwe la Bismarck tunalolipiga picha, na mawe yote yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba yamepangwa na mtu, ni viini hivyo. Wageni huyaona wakadhani Mwanza imekaa juu ya mwamba mmoja mzima. Chini ya tambarare, ile kazi ya kuoza bado inaendelea, na viini bado vimefukiwa ndani ya changarawe laini kama kokwa ndani ya embe bivu.

Sasa fikirieni mtu anachimba handaki humo. Mbele yake upande wa kushoto jiwe gumu, kulia tope. Mashine ya kuchimba handaki ikikutana na uso wa namna hiyo, meno yake yanagonga jiwe yanavunjika, huku upande laini unamiminika ndani kuliko inavyotakiwa, na juu barabarani ardhi inazama. Mgodini, mwamba mgumu haukutunyima usingizi. Unatoboa, unalipua, unakagua paa, unafunga boliti, unasonga. Tulipokuwa tunakaa kimya na kumsikiliza msimamizi mara mbili ni pale mwamba ulipobadilika ghafla na maji yakaanza kutoka.

Ndiyo maana nasema stesheni iingie kilimani. Mji wetu una jambo ambalo Dar haina: hapa unaweza kwenda chini ya ardhi kwa kutembea mlalo. Tazameni kilima cha Bugando. Ukitokea usawa wa barabara ukaingia ubavuni mwa kilima, hatua mia na kitu, una mwamba mnene juu ya kichwa na hujashuka ngazi hata moja. Uko juu ya usawa wa ziwa, maji yanajiondokea kwa mfereji. Na juu yako kuna hospitali ya rufaa inayopokea wagonjwa wa kanda nzima.

Aliyewahi kuuguza Bugando anajua kile kilima. Nilimuuguza mama yangu pale wiki sita. Asubuhi nabeba chupa ya uji, kapu la chakula, wakati mwingine na shuka za kubadilisha, napanda. Nimewaona bibi wa watu wametoka Ukerewe kwa meli, wamesimama katikati ya mwinuko wameshika kiuno, pikipiki zinawapita kwa sababu nauli imeisha bandarini. Stesheni ikiwa ndani ya kilima, lifti zinapanda moja kwa moja hadi uwanja wa hospitali.

Hong Kong wamefanya hivyo. Stesheni ya HKU ilifunguliwa tarehe 28 Desemba 2014, iko kama mita 70 chini ya kilima chenye chuo kikuu, ndani ya pango lililochongwa kwenye mwamba. Lifti kubwa zinapandisha watu chuoni, na njia nyingine za miguu zinatoka mlalo kwenda mitaa ya chini. Na mawe ya Hong Kong ni ndugu wa mawe yetu: matale yaliyooza kwa joto na mvua, viini vigumu ndani ya changarawe. Kama kuna watu wa kwenda kuwauliza, ni wale.

Naomba michango, hasa ya wenye uzoefu wa visima na misingi. Nitaeleza mwishoni kwa nini.

#2 Nyegezi Kona

Mkuu uzi umeshiba. Lakini Stockholm nao wako kwenye matale na maji yamewazunguka, wana treni ya chini tangu 1950, na stesheni nyingi wameacha mwamba uonekane, wamerushia zege jembamba na kupaka rangi. Kwa nini wao waliweza kando ya maji na sisi tusiweze?

#3 Mleta uzi

Swali zuri mkuu, na ndilo litakalotuponza tukiliiga bila kulitazama. Stockholm ilifunikwa na barafu nene zama za kale. Ile barafu ilipokuwa inasogea ilikwangua kila kilichooza ikaacha jiwe zima juu. Wao wakifuta udongo kidogo wanakuta mwamba wenye afya. Sisi hapa Ikweta haiko mbali, barafu ya namna hiyo haikutufikia, mwamba wetu umeoza kwa mamilioni ya miaka na hakuna aliyeukwangua isipokuwa mvua na mito. Kwa hiyo tunachoweza kujifunza kwao ni namna ya kuacha mwamba mzuri ujibebe wenyewe, ukishaufikia. Hata sasa wanajenga stesheni ya Sofia, karibu mita 100 chini, abiria watatumia lifti tu. Lakini kuufikia mwamba wenyewe, hapo tuko tofauti kabisa.

#4 Mwana wa Igoma

Mimi naona tunajipa mzigo. Dar SGR imepita juu ya nguzo hadi mjini. Kwa nini hapa isipite juu? Chini ya ardhi gharama ni mara kadhaa ya kupita juu.

#5 Mleta uzi

Nakubaliana na wewe kwa sehemu kubwa ya njia. Kutoka Igoma, Nyakato, au kutoka Buhongwa na Nyegezi, treni ipite juu ya ardhi, na pale pa kuvuka ipande nguzo. Kuchimba huko ni kutupa hela. Ninachozungumzia ni kilomita chache za mwisho na stesheni moja, tena pale tu kilima kinapokuwa njiani. Mjini kati nguzo zinataka kona pana, maana treni haikati kona kama bajaji. Utabomoa majengo mangapi? Ukijumlisha na fidia, hesabu inaanza kubadilika. Si kwamba lazima kuchimba kushinde. Lakini hesabu zote mbili ziwekwe mezani, na ile ya kuchimba ipigwe kwa kilima.

#6 Mama Makoroboi

Wanangu, mimi ni mfanyabiashara mdogo Makoroboi. Nauliza kitu kimoja. Hiyo kazi ikianza, sisi tutafungiwa barabara miaka mingapi? Maana tulishaona mfereji tu wa maji unachimbwa, miezi inapita, wateja wanahama, ukirudi unakuta wamezoea kwingine.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mama. Umegusa penyewe.

Njia ya zamani kuliko zote ya kujenga stesheni ya chini ni chimba-ufunike. London walianza nayo, reli yao ya kwanza ya chini ikafunguliwa Januari 1863, na treni zilikuwa za moshi humohumo chini. Unafungua barabara yote kama mtaro mkubwa, unajenga kuta na sakafu, unaweka paa, unarudisha udongo. Kwa njia hiyo biashara ya juu inakufa kwa muda mrefu. Siku hizi wanaweza kuanza na kuta za pembeni na paa kwanza, barabara ikarudi, kisha wakachimba chini ya paa, lakini bado ule mwanzo unakufungia. Amsterdam walianza kujenga njia yao ya kaskazini–kusini 2003, ikafunguliwa Julai 2018. Katikati hapo, mwaka 2008, nyumba za watu kwenye mtaa wa Vijzelgracht zilizama kwa sababu maji na mchanga vilipenya kwenye ukuta wa shimo la stesheni.

Kilimani ni tofauti. Mlango mmoja ubavuni, kazi yote inaendelea ndani, kifusi kinatokea mlangoni palepale. Adha itakuwa malori. Kwa hiyo mama, siku ikifika, cha kuwauliza wakubwa ni hiki: kifusi kinapita barabara gani, na saa ngapi. Na kile kifusi si uchafu. Ni kokoto. Akina mama wanaogonga kokoto milimani kwa mkono mpaka vidole vinakufa ganzi wanajua bei yake.

#8 Muuguzi wa zamu

Kaka, hoja ya lifti imenigusa, nafanya kazi hospitalini na naona wanaopanda. Lakini unasema utalipua baruti chini ya wodi? Kuna vichanga njiti, kuna watu wako mezani wanapasuliwa, kuna mashine ambazo hata lori likipita karibu tunalalamika.

#9 Mleta uzi

Dada, hoja yako ndiyo ningeianza mimi kama ningekuwa upande wako, kwa hiyo sitaipunguza.

Watu wakisikia baruti wanafikiri mlipuko mmoja mkubwa. Kwenye handaki unatoboa matundu kadhaa usoni mwa mwamba, kila tundu lina kiasi chake, na hayapasuki kwa pamoja. Yale ya katikati yanatangulia kufungua nafasi, mengine yanafuata kwa kupishana sehemu ndogo sana za sekunde, ya pembeni yanamalizia na baruti kidogo ili ukuta usichanike. Mtikisiko unaofika juu unategemea zaidi kiasi kinacholipuka kwa mkupuo mmoja kuliko jumla yote. Vipima mtikisiko vinafungwa kwenye majengo ya juu, kikomo kinawekwa na hospitali pamoja na wahandisi, kikivukwa kazi inasimama. Saa za kulipua zinapangwa na kutangazwa. Na ikibidi kwa mita fulani baruti ikatazwe kabisa, mwamba unaweza kupasuliwa kwa mitambo, ni polepole na ghali, lakini unapasuka.

Hata hivyo hospitali iwe na haki ya kusema hapana. Kama vipimo vikionyesha pale haiwezekani, kilima si kimoja Mwanza.

Nina sababu ya kusema hivi kwa uchungu. Miaka michache nyuma jirani mmoja alitaka kuondoa jiwe kwenye kiwanja chake, akawapa kazi watu wenye njia ile mnayoijua, kuchoma matairi juu ya jiwe usiku kucha kisha kumwagia maji. Asubuhi likapasuka kwa mlio nikiwa ndani nakunywa chai. Pande moja likateremka mita chache, halikumgusa mtu, ila ukuta wangu wa chumba cha watoto ulichanika kuanzia dirishani hadi sakafuni. Ufa ule bado upo, kiganja cha mwanangu kinaingia kwa ubapa. Hakuna aliyepima, hakuna aliyetangaza saa, hakuna aliyeniuliza.

#10 Mvuvi Kirumba

Mimi nisaidieni kwenye maji. Kila mtu anasema "ziwa ziwa", tatizo lake ni kuvuja tu? Si wanaweka pampu?

#11 Mleta uzi

Mzee wangu, wewe utanielewa haraka kuliko wote. Chukua ndoo tupu, ikandamize ziwani mdomo ukiwa juu. Unasikia inavyokusukuma? Stesheni iliyochimbwa kwenye ardhi iliyojaa maji ni ndoo hiyo. Tuseme sanduku la zege urefu mita 150, upana 20, na sakafu yake iko mita 10 chini ya usawa wa maji ya ardhini. Kila mita ya mraba inasukumwa juu kwa tani 10. Ni mita za mraba 3,000, kwa hiyo tani 30,000. Malori 1,000 yenye tani 30 kila moja, yanasukuma kutoka chini, usiku na mchana, kwa umri wote wa stesheni. Pampu haizuii hilo. Unalizuia kwa uzito wa zege au kwa nanga za chuma zilizofungwa kwenye mwamba mzima huko chini, na tumeshaona mwamba wenyewe haujulikani ulipo.

Kuvuja nako si kidogo. Gautrain ya Johannesburg ilianza Juni 2010, lakini kipande cha Rosebank hadi Park kilisubiri hadi Juni 2012 kwa sababu ya maji kupenya kwenye handaki. Johannesburg, mji usio na ziwa wala bahari! Na ziwa letu halikai pamoja. Mnakumbuka 2020 lilivyopanda likaingia kwenye nyumba na mialo. Mto Mirongo nao ukifurika unajua njia ya kwenda mjini bila kuonyeshwa. Bangkok wameinua milango ya stesheni zao, unapanda ngazi kwanza ndipo ushuke, mafuriko yasiingie.

Inawezekana kujenga majini, sikatai. London, Canary Wharf, walizungushia ukuta wa mabomba ya chuma ndani ya gati, wakatoa maji, wakajenga stesheni pale. Lakini makosa ya kuta za shimo hayasamehe. Singapore, tarehe 20 Aprili 2004, nguzo za chuma zilizoshikilia shimo la reli zilishindwa, barabara ya Nicoll ikaporomoka, watu 4 wakafa. Cologne, tarehe 3 Machi 2009, jengo la kumbukumbu za jiji lilianguka kando ya shimo la reli, watu 2 wakafa na nyaraka za karne nyingi zikafukiwa. Ile ni miji yenye wahandisi wa kutosha na fedha za kutosha. Ndiyo maana mimi, kwa mji wangu, nataka tuanze pale ambapo maji yako chini yetu.

#12 Nyegezi Kona

Ulisema utaeleza kwa nini unataka wenye visima.

#13 Mleta uzi

Ndiyo. Siku mradi wa namna yoyote ukija, uwe wa treni au wa mfereji mkubwa, wataalamu watachoronga mashimo machache, kwa sababu kuchoronga ni gharama. Kati ya shimo na shimo watakisia. Na Mwanza, hatua nne tu zinatosha kukisia vibaya, choo changu ni shahidi.

Lakini mji huu umeshachimbwa maelfu ya mara. Kila mwenye nyumba amechimba msingi, choo, karo, kisima. Kila fundi anakumbuka alipogonga jiwe. Hizi habari zipo vichwani mwa watu na zinazikwa nao.

Naomba hivi. Anayeweza aandike hapa: mtaa (usitaje namba ya nyumba), jiwe zima ulilikuta mita ngapi au hukulikuta kabisa, maji yalitoka mita ngapi, na mwezi gani. Mwenye kisima apime leo kwa kamba na jiwe, kutoka mdomoni hadi maji, kisha apime tena masika. Mimi nitaandika yote kwenye daftari na kuchora kwenye ramani ya karatasi, na mtu akitaka nakala nitampa bure.

Naanza. Mabatini, choo, 2017, mwezi wa tisa. Kona moja jiwe mita 0.8. Kona ya pili hakuna jiwe hadi mita 3, maji mita 3.

#14 Fundi Nyakato

Nyakato, msingi wa ghorofa moja, mwaka jana mwezi wa saba. Nguzo 16. Nguzo 11 tulikaa kwenye jiwe kati ya mita 1 na 2. Nguzo 5 tulishuka mita 4, changarawe tupu, tukaongeza zege na nondo. Maji hatukuona.

#15 Mvuvi Kirumba

Nimetoka kupima sasa hivi na kamba ya nyavu. Kirumba, kisima cha nyumbani, kiko hatua kama sitini kutoka ufukweni. Maji mita 1 na nusu kutoka mdomoni. Marehemu baba alichimba hadi mita 5 na hakukuta jiwe, alikuta tope jeusi lenye magamba ya konokono.

#16 Mleta uzi

Asante sana mzee. Hayo magamba, kama bado kuna yoyote pale kando ya kisima, usiyatupe. Jumamosi nakuja na daftari.